KIFUU NI FARASI, SUFURIA NI MAFURIKO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili ameniomba nijibu swali moja ambalo wengi wamekuwa wakiniuliza tangu tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tulipocheza mchezo wetu nyuma ya pazia. Swali lenyewe ni hili: "Yale maji mliyatoa wapi?"

Nitajibu, lakini haraka haraka haina baraka. Hebu tuanze mwanzo.

Wengi wetu tumeona sinema. Tumekaa kwenye vibanda vya video tukamtazama shujaa akikimbia juu ya changarawe, farasi wakipita mbio, mbavu za adui zikivunjika, huku DJ Afro akitusimulia kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwa Kiingereza au Kichina. Je, umewahi kujiuliza zile nyayo zilirekodiwa vipi ilhali mkimbiaji mwenyewe yuko kule juu ya kilima, mdogo kama siafu?

Ukweli ni kwamba sauti nyingi za sinema hazikutoka pale unapopaona. Wakati wa kupiga picha, maikrofoni huelekezwa midomoni mwa waigizaji ili maneno yao yasikike. Nyayo, nguo, vikombe na milango husikika kwa mbali, au havisikiki kabisa. Tena sinema ikitiwa maneno ya lugha nyingine, maneno ya kwanza hufutwa, na sauti ndogondogo zilizonaswa pamoja nayo hufutika pia. Basi sharti zitengenezwe upya, na zinatengenezwa na watu waliosimama ndani ya chumba, wakiitazama picha na kugongagonga vitu.

Kazi hii imepewa jina la Mmarekani mmoja, Jack Foley, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1967. Sinema ya The Jazz Singer ilipotoka mwaka 1927, watu walianza kutaka picha zinazosema. Studio ya Universal ilikuwa na picha yake, Show Boat, iliyopigwa kimya kimya. Ikabidi iongezewe sauti kabla ya kutolewa mwaka 1929, na Foley alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Mpaka leo mafundi wa aina hii huitwa kwa jina lake. Kazi yao huigawa mafungu matatu: nyayo, nguo na vitu.

Na vitu vyenyewe, jamani, ni vya kushangaza. Mwaka 1954 Wajapani walipotengeneza sinema ya jitu Godzilla, mtunzi wa muziki Akira Ifukube aliupata mlio wa jitu lile kwa kusugua uzi wa fidla kubwa kwa glavu ya ngozi. Katika sinema ya Psycho ya mwaka 1960, sauti ya kisu kikiingia mwilini ilikuwa ni kisu kikidungwa kwenye tikiti. Ben Burtt aliyetengeneza sauti za Star Wars ya mwaka 1977 alipata mlio wa bunduki za angani kwa kugonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa redio. (Tafadhali, yeyote asiende kugonga waya za mnara wa simu hapa Garsen akasema nimemtuma mimi.)

Katika redio mambo ni magumu zaidi, kwani hapana picha ya kusaidia. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Mmoja wa wahusika wake ni Mkwaju, dereva wa lori. Msikilizaji aliyekaa barazani kwake halioni lori wala hamwoni Mkwaju. Sikio peke yake ndilo linalomwambia kuwa lori limefika.

KISWAHILI CHENYEWE KINATUFUNDISHA

Labda utasema, hayo ni ya wenye studio, sisi tutayawezea wapi? Ngoja nikukumbushe somo la tanakali za sauti. Mwalimu alitufundisha kwamba kitu kizito huanguka pu! Kikianguka mchangani, ni tifu! Kikianguka majini, ni chubwi! Na kikianguka matopeni, ni pwata! Sisi tulikariri ili tupite mtihani. Kumbe hilo ndilo somo la kwanza la fundi wa sauti! Kitu ni kilekile, lakini mahali kinapoangukia ndipo panapotoa sauti. Ndiyo maana katika vyumba vya mafundi wa sinema huwa kuna sehemu za mchanga, za kokoto, za mbao na za saruji, ili nyayo zipate mahali pa kukanyaga. Babu zetu walikwisha kuzipanga sehemu hizo ndani ya lugha.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo studio yangu ni jikoni kwa mama. Hivi hapa ndivyo vifaa vyangu:

1. Farasi au punda: Vifuu viwili. Vigonge juu ya ubao, upate farasi wa lami. Vigonge ndani ya karai lenye mchanga, upate punda wa hapa kwetu anayevuta mkokoteni wa maji. Vifuu vina uwazi ndani, na uwazi huo ndio unaoikuza sauti. Katika sinema ya Kiingereza, Monty Python and the Holy Grail ya mwaka 1975, waliufanyia mzaha ujanja huu: mfalme anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe, na mtumishi yuko nyuma yake akigonga vifuu.

2. Mvua: Mimina mchele polepole juu ya ungo. Ukitaka mvua ya juu ya mabati, umimine juu ya mfuniko wa sufuria. Mchele usiupoteze, mama anaujua kwa punje.

3. Radi: Kipande cha bati jembamba. Kishike kwa juu ukitikise. Radi ya mbali, tikisa taratibu na usimame mbali na kinasa sauti.

4. Moto: Finyanga karatasi ya biskuti karibu na kinasa sauti, na mwenzako avunje vijiti vikavu. Zamani wangetumia mfuko wa plastiki, lakini hiyo ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017.

5. Mfupa kuvunjika: Muhogo mbichi. Huko ng'ambo hutumia mboga yenye vikonyo virefu vigumu, lakini muhogo wetu haushindwi.

6. Mabawa ya ndege: Fungua na kufunga mwavuli upesi upesi, au kung'uta leso.

7. Hatua za tembo au jitu: Mchi uliofungwa kitambaa, ndani ya kinu kitupu.

8. Mamba akijitosa: Lowesha gunia, kisha lipige juu ya maji ndani ya karai. Simama mbali kidogo na nguo zako za shule.

9. Kiboko: Tia mdomo kwenye ndoo tupu, ukorome kutoka tumboni. Hapa hakuna kifaa kinachokushinda wewe mwenyewe.

10. Mtumbwi: Gongesha mwiko kwenye ukingo wa karai lenye maji, kwa mwendo wa mtu anayepiga kafia.

Sauti ya bunduki tuliijaribu mara moja kwa rula na meza, tukakata shauri kuiacha. Anayeishi huku kwetu hatauliza kwa nini.

KWA NINI SIKIO HUKUBALI KUDANGANYWA?

Siku moja niliwasikilizisha wenzangu ile sauti ya mchele bila kuwaambia kitu. Mmoja akasema ni mafuta yanakaangwa. Mwingine akasema ni makofi. Wa tatu akasema ni mvua. Kisha nikairudia, lakini kabla yake nikapaaza sauti: "Fungeni madirisha!" Wote wakasema mvua. Sauti haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile walichotarajia.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: litayarishe sikio kwa maneno, halafu ndipo ulipe sauti. Kanuni ya pili, umbali. Kitu cha karibu kinase kwa karibu, cha mbali kwa mbali. Kanuni ya tatu, fukuza mwangwi. Chumba kitupu chenye kuta ngumu hurudisha sauti, na msikilizaji atajua uko chumbani. Jifunike blanketi wewe na simu yako, hata kama kuna joto la Garsen. Kanuni ya nne nilifundishwa na nyanya yangu, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

MCHEZO WETU

Mchezo wetu uliitwa "Ngoja Kidogo". Unahusu mzee anayeishi ukingoni mwa mto. Chifu anampitia kumwambia maji yanakuja, ahamie mahali pa juu. Mzee anajibu, "Ngoja kidogo, nivune mahindi." Binti yake anamjia akilia. "Ngoja kidogo, maembe yaive." Redio inatangaza. "Ngoja kidogo, kwani mvua iko wapi?" Usiku wa mwisho maji yanafika.

Sauti ya hayo maji nilipewa mimi. Nikaazimia kuonyesha uhodari wangu. Nilijaza karai kubwa, nikayavuruga maji kwa mikono miwili. Rafiki yangu alitikisa bati, wa tatu akamimina mchele juu ya ungo. Tukarekodi kwa simu ya mama. Lo! Ilitisha. Sisi wenyewe tulitazamana kwa fahari.

Nikaipeleka kwa nyanya. Nyanya anakaa kwetu tangu nyumba yake ilipoanguka katika mafuriko ya Novemba 2023. Mafuriko ya mwaka 1961 aliyaona akiwa mtoto, ya El Nino ya mwaka 1997 akiwa mama, na haya ya juzi akiwa nyanya. Nikasema, "Shikamoo nyanya. Hebu sikiliza, hii ni nini?"

"Marahaba." Akasikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni bahari ya Kipini."

"La, nyanya, ni mafuriko."

"Mafuriko ya wapi?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, mto wetu hauji na ngoma. Ungekuja na ngoma, watu wote wangekimbia."

Maneno hayo yalinifanya nitafakari yale tuliyosoma katika Jiografia. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000, na maji yake yanatoka huko juu, Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Njiani kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikinyesha sana huko juu na mabwawa yakajaa yakafurika, maji huteremka siku kadhaa mpaka yatufikie sisi huku chini, ambako ardhi ni tambarare kama mkeka. Yanaweza kufika huku mbingu ni nyeupe pe. Mimi nilikuwa nimetia radi na mvua katika mafuriko yasiyokuwa na radi wala mvua! Nilikuwa nimeiga mafuriko ya sinema.

"Basi yana sauti gani, nyanya?"

Akanyamaza kidogo. "Usiku ule nyota zilikuwa zinaonekana. Nililala. Kilichoniamsha ni sufuria. Nilisikia ko... kimya... ko. Nikadhani ni paka. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, nitamfukuza kukikucha. Halafu nikashusha mguu."

Hakuendelea, nami sikumwuliza zaidi.

Jioni ile nilimwaga mchele wote nikaurudisha kwenye mkebe. Nikachukua karai moja, nikatia maji, nikaelekeza juu yake sufuria ndogo yenye kijiko ndani. Kando nikasimamisha kipande cha ubao nilichokipaka udongo. Nikawa naisukuma sufuria kwa kidole kimoja tu. Inaelea, inagonga ubao, inarudi. Ko. Kimya. Ko. Mara mojamoja kipande cha udongo kilibanduka kikaanguka chubwi! kama ukuta unaoyeyuka. Hicho nilikuwa sikukipanga. Nikarekodi usiku, watu wote wakiwa wamelala.

Kesho yake nilifanya kosa. Nyanya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akisuka ukili. Sikumwambia kitu. Nikabonyeza simu nione atasemaje.

Hakusema. Aliinua miguu yote miwili akaiweka kitandani, akabaki hivyo, ukili umemwanguka.

Mpenzi msomaji, niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Nilizima simu, nikapiga magoti nikamwomba radhi, nikamwambia sauti hiyo nitaifuta na mchezo tutauacha. Alikaa kimya kwa muda mrefu, mkono wake juu ya kichwa changu. Ndipo akasema, "Usiifute. Hiyo ndiyo yenyewe. Waache waisikie wakiwa wakavu. Lakini siku nyingine uniambie kabla."

Basi hiyo ndiyo kanuni ya nne, nayo ina pande mbili. Usitengeneze sauti ambayo kila mtu anaitarajia. Nenda ukamwulize aliyeisikia. Na ukishaipata sauti ya kweli, iheshimu, maana kwa mwingine hiyo si sauti ya mchezo.

TAREHE 7 JULAI

Waliokuwapo mnakumbuka. Kabla ya pazia (leso nne za mama zilizoshonwa pamoja) tulitangaza kwamba kutakuwa na sauti ya maji, na asiyependa anaweza kutoka kwa muda. Wengine mlicheka. Punda alipopita mlicheka, kiboko alipokoroma mlicheka zaidi, na mzee aliposema "ngoja kidogo" mara ya tatu, mlikuwa mkiisema pamoja naye.

Kisha ikaja ile ko ya kwanza. Sauti yenyewe ni ndogo mno, hata nilihofu kwamba haitasikika kule nyuma. Palikuwa kimya jii. Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Waliozoea kukaa mjini walikuwa wakitazamana, wakiulizana kwa macho ni nini hiyo. Wanaotoka vijiji vya kando ya mto hawakumwuliza mtu. Katika benchi la nyuma mwanafunzi mmoja aliinua miguu yake kutoka sakafuni. Sidhani kama alijua kwamba ameiinua.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mchezo wetu mwanzoni ulijengwa juu ya methali hiyo, na mzee wetu alikuwa mtu wa kuchekwa. Lakini nyanya yangu si mjinga, na yeye pia usiku ule alisema "ngoja kidogo". Siku hizi nafikiri mara nyingine sikio si la kufa. Linangojea sauti kubwa, na hatari inakuja kwa sauti ndogo. Tumezoea sinema mpaka tunadhani balaa lazima lipige ngoma kwanza. Kwa hivyo redio ikitangaza kuwa mabwawa yamejaa huko juu, nawe ukatazama mbingu ukaiona haina hata wingu, kumbuka ile sufuria.

Jambo la mwisho. Msidharau sauti za majumbani mwetu. Sauti ya wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto alale. Mama wa hapa Tana alikuwa akimtuliza mwanawe, na leo nchi nzima husimama wima. Ikiwa hilo liliwezekana, karai na ungo visikushinde.

Chama cha Kiswahili kinawakaribisha wote. Njooni na vifuu, njooni na mabati mabovu, ila mchele mwombe mama kwanza. Na kabla hamjatengeneza sauti yoyote, nendeni mkawasalimu wazee wenu, mkae nao, mwaulize walisikia nini.

Nyanya anaendelea vyema. Ameniagiza niandike kwamba yeye ndiye aliyetengeneza yale maji, mimi nilibonyeza simu tu. Ni kweli.

Alamsiki.